Tumbo la Msuluhishi

Tangu asikie redioni kwamba tumbo huzungumza na ubongo, msuluhishi wa soko la mifugo la Griftu hasikilizi kesi kabla ya kunywa maziwa ya ngamia kutoka pande zote mbili. Hulegeza kikoi, hupapasa kitambi taratibu, kisha hunong'ona, "Bado halijaniambia kitu."

Leo Hinda alimtazama kwa moyo mzito akigugumia: yeye aliyeibiwa ngamia alileta kibuyu kimoja, na Kulow anayeshtakiwa alileta viwili. Msuluhishi alivimaliza vyote. Mara mkono ukaganda juu ya kitambi. Akanyakua birika la maji, akatimua mbio chooni.

"Na hukumu?" Kulow akauliza.

"Ngoja, warya," Hinda akamjibu. "Mzee ameenda kufikiria."