Nilivyoisaidia timu ya mjukuu wangu kwa ugali wa wimbi, na kilichonipata Nyamira

Wakuu, hamjambo. Na wewe uliyeingia kusoma tu bila kuitikia salamu, nimekuona, kaa hapo nyuma.

Mimi ni nyanya wa wajukuu kumi na mmoja, nakaa upande wa Kiogoro. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mkiona herufi imepotea, iokoteni muendelee.

Haya mambo yalitokea muhula uliopita na yote ni ya kweli, hata yale ya kuniaibisha. Hayo ndiyo mengi.

Mjukuu wangu anaitwa Kwamboka. Anasomea umeme katika chuo kimoja huku kwetu, na ni kipa wa timu ya wasichana. Ana viganja vipana kama sepetu. Hivyo ametoa kwangu, hata mama yake anajua.

Sasa hiyo timu ilikuwa kwenye ligi ya vyuo, ikafukuzwa.

Si kwa kufungwa, hapana. Walikosa mechi tatu kwa sababu gari la chuo lilikuwa linabeba nyasi za ng'ombe. Prinsipali wao anapenda ng'ombe, wakuu, sijaona. Chuo kina ng'ombe sita wa gredi na kila mmoja ana jina lake. Kwamboka amesoma hapo miaka miwili na bado anaitwa "wewe".

Wakabaki timu isiyo na ligi. Hakuna ratiba, hakuna kombe, hakuna mtu wa kukuandikia umeshinda au umeshindwa. Mechi unajitafutia mwenyewe kama kibarua.

Prinsipali akaona hapo ndipo pa kupenyea. Akawaita wasichana, akawaambia uwanja unakaa bure, yeye anataka kupanda nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe.

Kwamboka akabishana naye mpaka yule mzee akachoka.

"Sawa," akasema. "Nileteeni ushindi wa mechi tano kabla muhula uishe. Mcheze na nani, hiyo si shida yangu. Mkikosa hata moja, nalima."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa shida yetu. Ushindi mara tano, ama goli linageuka shamba la nepia.

Wasichana wakaandikia vyuo vingine. Wengine hawakujibu, wengine wakasema wako bize na ligi. Wiki tatu zikaenda. Walikuwa wamepata mechi mbili tu, moja wakashinda, moja wakapigwa na wasichana wachuma chai mabao manne. Wale wasichana wana mapaja, wakuu, tuseme ukweli.

Kwamboka akaja kwangu Jumapili akakaa jikoni, anachokonoa moto tu. Nikamwambia, "Toa hicho kijiti kwa moto wangu, unieleze." Akanieleza.

Hapo ndipo nyanya yenu aliingia kwa mpira.

Kwa wale si wa huku, sisi Wagusii tuko na kitu kinaitwa egesangio. Wanawake kama kumi mnajiunga. Leo mnalima kwangu, wiki ijayo kwako, mpaka shamba la kila mtu limefikiwa. Mwenye shamba ndiye anapika, na mnakula kazi ikiisha. Ukija kwangu lazima nije kwako. Hata kama mgongo unauma, unakuja nao.

Na tena, sisi wanawake tumeolewa hapa, lakini kila mmoja ana kwao alikozaliwa. Huyu ni wa Nyamache, huyu wa Keroka, huyu wa Nyamira. Na kila mahali siku hizi kuna timu ya wasichana, wanacheza Jumapili watu wakitoka misa. (Jumamosi usinitafute, niko kanisani.)

Nikasimama katikati ya shamba la viazi nikawaambia wenzangu, "Kila mmoja anipigie simu kwao. Nataka timu. Wakija kwetu, sisi tutaenda kwao."

Bosibori, yule wa Nyamache, akaniuliza, "Kwani sasa tunalima mpira?"

"Tunalima. Na ukikataa, wiki ijayo mahindi yako utapalilia peke yako."

Timu zikapatikana siku hiyo hiyo. Chuo kizima kilikuwa kimeshindwa, na kina kompyuta.

Sasa wakuu, sogeeni karibu, hapa ndipo dhambi ilianzia.

Nyamache ndio walikuja kwanza. Wasichana wakubwa, wameshiba hewa ya mlima. Nikawaangalia wakishuka kwa gari nikasema moyoni, hawa watatumaliza.

Sheria inasema mnakula kazi ikiisha. Lakini mimi ndiye mwenye shamba, si ndiyo? Nikawapokea na vikapu vya ugali wa wimbi, ule mweusi uliosongwa mpaka mwiko unalia. Na chinsaga, zile mboga chungu zimelala usiku kucha kwa maziwa. Na kuku wawili. Na juu yake mala, maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu, kila mtu kikombe kimejaa.

"Kuleni wanangu, mmetoka mbali."

Msichana wa Kigusii hawezi kukataa chakula cha mwanamke mzee. Mama yake angesikia kabla hajafika nyumbani. Wakala. Kila aliyeweka mkono chini nilimwongezea.

Wa kwetu nikawaambia kuna uji kidogo, wanywe haraka wakavae viatu.

Kama hujawahi kula wimbi na mala halafu ukaambiwa ukimbie, jaribu kesho.

Walianza vizuri. Dakika ya kumi nikaona beki wao ameshika kiuno. Dakika ya ishirini namba kumi wao anatembea kama anaenda kuteka maji na hana haraka ya kurudi. Tukashinda tatu kwa sifuri.

Nilipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa prinsipali wakageuza shingo.

Keroka wakaja, nikawapikia. Tukashinda mbili. Timu nyingine ikaja kutoka kwa akina mke wa kaka yangu, nikawapikia hao zaidi kwa sababu huyo mke wa kaka yangu hatupatani. Tukashinda nne.

Ushindi mara nne! Imebaki moja tu, na hiyo tungeifuata Nyamira.

Lakini hiyo mechi ya akina mke wa kaka yangu, mshambulizi wao alikaa chini katikati ya uwanja, mpira uko kwa miguu yake, akasinzia. Sitanii. Refa akamgusa bega na filimbi.

Kwamboka aliona. Na Kwamboka si mjinga.

Jioni akanifuata kwa zizi nikikamua. Akasimama mlangoni, bado ana glavu.

"Magokoro," akaniambia. Hivyo ndivyo tunaita nyanya. "Unawalisha."

"Mgeni asile?"

"Unawalisha *kabla*."

Nikaendelea kukamua.

"Magokoro, mimi nimekaa golini mechi tatu sijaguswa na mpira. Nikidhani ni mimi. Nikienda nikiambia watu mimi ni kipa wa maana. Kumbe ni sufuria yako ndiyo ilikuwa inadaka."

Nikamwambia uwanja hautajua tofauti, nepia haitajua tofauti, ushindi ni ushindi.

"Mimi nitajua," akasema. "Nyamira nataka kucheza na watu walio macho. Mtu yeyote akila kabla ya mechi, wao ama sisi, mimi sishiki mpira. Waweke fimbo golini."

Akaenda. Na sisi bila Kwamboka golini ni mlango umeng'olewa.

Nilikasirika, wakuu. Nilisema maneno kwa ng'ombe ambayo siwezi kuandika hapa. Mtoto nimemkaangia mayai tangu hana meno, leo ananifundisha haki.

Lakini usingizi ulikataa. Nikamuona hapo mlangoni na hizo glavu, na uso wake ulikuwa mdogo. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu, na nilikinyang'anya nikitabasamu.

Sasa Nyamira haikuwa mechi ya hivi hivi. Ile timu ya huko mlezi wake ni korera wangu. Korera ni mama aliyemzaa mke wa mtoto wako. Kwa hivyo Kwamboka ni mjukuu wangu, na ni mjukuu wake pia. Na mshambulizi wa Nyamira, Nyanchama, ni binti wa kijana wa huyo korera.

Kwa korera huendi na mchezo. Unavaa leso safi, unaongea polepole, na ukipewa chakula unakula. Ukikataa ni kama umesema ameweka kitu ndani.

Jumapili ya mwisho ya muhula tukapanda pikapu ya ndizi mpaka Nyamira. Tunashuka tu, nikasikia harufu.

Wimbi.

Sufuria tatu, wakuu. Mala kwenye ndoo. Korera amesimama hapo na kitambaa kipya kichwani, anatabasamu kama mtu aliyeokota kitu changu.

"Karibu korera. Watoto wa chuo wamechoka na safari. Wakae, wale, mpira hauendi popote."

Wasichana wake wako kando wananyoosha miguu, tumbo zimeshikana na mgongo. Hao hawajala.

Wetu walishaanza kunawa mikono. Wafanye nini? Ni nyanya anawapa. Kwamboka alisimama peke yake, akavua glavu moja, akaniangalia mimi.

Nikasema, "Korera, watoto hawatakula."

Mama mmoja alikuwa anapakua, mwiko ukabaki hewani.

"Hawatakula?" korera akasema. "Chakula changu kina nini?"

"Chakula chako ni kizuri. Ni mimi nina makosa." Na mbele ya wanawake wote wa huko, mimi ambaye huwa sishuki chini kwa mtu yeyote, nikasema yote. Nyamache, Keroka, wa mke wa kaka yangu. Nikasema nimewashindisha kwa ugali na huyu mtoto wetu amekataa, anataka kushinda na mikono yake. "Tafadhali wacha wacheze kwanza. Tutakula kazi ikiisha, vile inafaa."

Korera alinitazama mpaka nikasikia jua kwa shingo.

Halafu akacheka. Akacheka akashika nguzo ya nyumba.

"Korera, dada yangu ameolewa Nyamache! Alinipigia simu siku ile ile. Wasichana wao walilala mpaka Jumatatu! Nimekungoja wiki nne!"

Wanawake wote wakaangua kicheko. Nikadhani yameisha.

"Sawa, watoto wacheze," akasema, anapangusa macho. "Lakini chakula kikishapakuliwa hakirudi jikoni kwangu. Wewe ndiye utakula. Leteni kiti."

Wakaweka kiti kando ya uwanja, sahani kwa magoti yangu. Nikimaliza, anaongeza. Nikipumua, anauliza, "Ama hujapenda?"

Hivyo ndivyo nilitazama mechi kubwa ya maisha yangu, wakuu. Nikitafuna.

Na ilikuwa mechi. Wale wa Nyamira wanakimbia kama wamefunguliwa zizini. Kwamboka aliruka huku, akaruka kule, alipiga mpira ngumi ukaenda kwa migomba. Sikuwa najua huyu mtoto anadaka hivyo. Nitajuaje? Nilikuwa nimewalaza wote waliokuja kumjaribu.

Kipindi cha pili wetu wakapata kona, mpira ukaingia kwa kichwa. Moja bila.

Dakika za mwisho kabisa, beki wetu akashika mpira kwa mkono. Penalti.

Anayepiga ni Nyanchama. Anayedaka ni Kwamboka. Wajukuu wa mwanamke mmoja, na huyo mwanamke yuko hapa kando yangu ameshika mwiko, ameacha kuongeza. Nikamsikia anasema kwa sauti ndogo, "Sasa mimi niombee nani?"

Mimi nilijua wa kuombea. Lakini hapo hapo nilikuwa nimetia tonge kubwa.

Nyanchama akapiga kwa nguvu, chini, upande wa kushoto. Kwamboka akaenda nao. Kile kiganja kikafunguka, mpira ukagonga hapo, ukatoka nje.

Filimbi.

Wasichana wakamwangukia. Pikapu ikapiga honi. Korera alipiga kigelegele, yeye ambaye timu yake imeshindwa! Na mimi, magokoro wa washindi, nimesimama, sahani imeanguka, mikono juu, mdomo umejaa wimbi, sauti haitoki. Machozi ndiyo yalitoka.

Kwamboka alikuja akinicheka. "Magokoro, meza kwanza."

Kigelegele changu kilitoka tukiwa njiani kurudi. Dereva alikanyaga breki akidhani amegonga mtu.

Jumatatu prinsipali akapewa matokeo. Aliangalia uwanja, akaangalia ng'ombe, akasema nepia inaweza kumea nyuma ya bweni. Inamea huko mpaka sasa.

Mimi nilichojifunza ni hiki. Mtoto wako akiwa na kitu chake mkononi, mwachie apimwe nacho. Mimi nilikuwa nikiita mapenzi, kumbe nilikuwa naogopa kwamba hawezi. Na angeondoka hapo chuoni bila yeye wala mimi kujua anaweza.

Kwa hivyo niambieni ukweli, nani humu amewahi kumsaidia mtoto mpaka akamharibia? Mama waliowafanyia watoto homework, najua mko hapa. Andikeni, nasoma zote, polepole lakini nasoma.

Na anayetaka kunitukana kwa sababu ya wale wasichana wa Nyamache, asitoe jasho. Muhula huu ni zamu yetu kwenda kwao, na Bosibori ananiambia mamake ameanza kuanika wimbi.