Ghala Lililojibu Sijui

Hospitali nzima ilimwita Mama Waya, na jina hilo alilipenda, maana majivuno kidogo alikuwa nayo yule mama, tusifichane. Kompyuta ikigoma, Mama Waya. Printa ikitafuna karatasi, Mama Waya. Hata lifti ilipokwama walimpigia simu yeye, akawauliza kama na magoti yakiwauma wangemwita.

Asubuhi hiyo simu ilitoka kwa daktari wa upasuaji, na hakuwa na utani.

"Picha za zamani za kifua cha yule fundi cherehani ziko wapi? Naona ya jana tu."

"Zipo kwenye ghala jipya, daktari. Nilihamisha zote juzi."

"Hazipo. Na mgonjwa ameshavaa gauni la upasuaji. Pafu lake lina doa. Kama lilikuwepo tangu zamani, ni kovu tu, arudi nyumbani. Kama ni jipya, nampasua leo leo. Na nisipoona picha ya zamani, sina njia, nitampasua."

Mama Waya alifungua ghala jipya huku anatabasamu, akijua kabisa kwamba daktari ndiye asiyejua kubofya. Tabasamu likamkauka. Picha za mwezi huu, zilizotoka kwenye kompyuta ya mezani kwake, zilikuwepo zote. Za zamani, zile zilizosomwa kwa mtandao kutoka kwenye makabati mawili ya diski yaliyo chumba cha chini, hata moja haikuwepo! Na programu aliyoiandika mwenyewe ilikuwa imemwambia kwa maandishi ya kijani: kazi imekamilika, hakuna kosa.

Haya sasa. Alipekua programu yake mstari kwa mstari. Kazi yake ilikuwa nyepesi: inafungua folda, na kwa kila kilichomo inauliza, wewe ni faili au folda? Faili inalinakili, folda inaingia ndani yake, kingine chochote inakiruka. Diski ya mezani kwake ilikuwa inajibu vizuri kila mara, ndiyo maana majaribio yalimfurahisha. Lakini makabati yale ya zamani, ukiyasoma kwa mtandao, yanakutajia jina la kitu tu. Ukiuliza ni kitu cha aina gani, yanajibu: sijui. Na programu, kila iliposikia sijui, iliruka. Iliruka ghala zima la zamani, kisha ikajisifu!

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti. "Mtu akisema hajui, ndio amesema hakuna?"

Halafu akamkumbuka shemeji yake. Shemeji, mdogo wa mumewe, ndiye aliyepewa kazi ya kuyafuta makabati hayo ili yaondolewe. Na jana jioni Mama Waya mwenyewe alimwambia: futa tu, kila kitu kimeshahama.

Kule chini simu haishiki. Alishuka ngazi mbio, kiatu kimoja kikabaki njiani.

"Shemeji! Acha! Usiguse kitu!"

Shemeji alikuwa amekaa juu ya boksi, anamenya chungwa. "Weee, taratibu! Kaka kakukosea tena?"

"Umefuta lipi?"

Alipoona uso wake, utani ukamwisha. "Hili limekwisha. Lile nilikuwa nakaribia kulianza, nikasema nimalize chungwa kwanza."

Mama Waya akakaa palepale sakafuni na kompyuta yake mapajani. Picha za fundi cherehani zilikuwa kabati gani? Hakuna aliyejua. Namba ya mgonjwa imo ndani ya picha, si nje, na makabati yalijazwa ovyo ovyo. Ilibidi picha zivuke kwanza, ndipo atafute ndani yake. Alirekebisha pale palipomponza: ukijibiwa sijui, usiruke, kiendee chenyewe ukakiulize. Hiyo ni safari nyingine kwa kila picha, na mtandao wenyewe unajikokota. Alikosea, akafuta, akaandika tena.

Picha zikaanza kuvuka. Binti wa fundi cherehani akateremka, macho mekundu.

"Dada, daktari anasema chumba kiko tayari. Nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri."

"Amesubiri, dada! Wameshaanza kumsukuma baba."

"Kimbia ukawazuie! Lala mlangoni ikibidi!"

Binti akatimka. Mama Waya aliendelea kutafuta namba ya mgonjwa, akikuta patupu, akitafuta tena. Kabati lilipokaribia kumalizika, namba ikatokea. Alipiga ukelele mpaka shemeji akaangusha chungwa.

Juu, daktari aliweka picha mbili ubavu kwa ubavu, akazitazama moja baada ya nyingine. "Doa ni lilelile," alisema. "Halijakua hata kidogo."

Fundi cherehani akajiinua kitandani. "Basi nipeni suruali yangu. Gauni hili limeshonwa na adui."

Binti alimkumbatia Mama Waya, akilia. "Mungu akuzidishie, dada. Umemwokoa baba." Mama Waya alitamani sakafu ipasuke immeze.

Alipotoka, mwanamke mmoja aliinuka kwenye benchi la korido.

"Samahani, wewe ndiye wa picha? Na mimi naambiwa zangu za zamani hazionekani. Za titi. Lina doa, daktari anataka kulinganisha."

Mama Waya alichukua namba yake, akatafuta. Kabati lililosalia lilikuwa limeshavuka lote. Hakuna kitu. Alimwomba namba tena, akaiandika polepole, tarakimu kwa tarakimu. Hakuna.

"Sema mtandao unasumbua," shemeji, aliyekuwa amemfuata juu, alimnong'oneza nyuma yake. "Sema arudi kesho."

"Si mtandao, dada," alisema Mama Waya. "Zilikuwepo mpaka jana. Zimefutwa, na aliyeagiza zifutwe ni mimi."

Mwanamke akamtazama, mkono wake ukapanda wenyewe kifuani.

"Sasa daktari atajuaje kama doa limekua?"