Kulala Chali kwa Ajili ya Tumbo

Kwenye jimu yetu hapa mtaani Pioneer, kile kibanda cha mabati nyuma ya mahali pa kuosha magari, ubishi kila jioni ni ule ule: tumbo lifanyiwe mazoezi peke yake, au vyuma vinatosha? Vijana wa kubeba chuma kizito wanasema ukipiga skwoti, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, na kuinua kutoka chini, tumbo limeshakazwa humo humo, ya nini tena kugaagaa sakafuni. Mimi hutamani sana wawe wamesema kweli. Nina sababu.

Nilikuwa kuli kwenye stoo ya mahindi kule Turbo. Nilifanya kazi na mwenzangu mmoja, mtu wa kwetu upande wa Busia. Tulitwikana magunia mpaka mgongo wake nikaujua kuliko uso wake. Na magunia yenyewe yalikuwa ya kushindiliwa, yameongezwa shingo ya wavu juu yapite kipimo, mkulima aibiwe na sisi tuvunjike. Mwenzangu akaanza kuvimba hapa kwenye kinena. Akamwonyesha nyapara.

"Tumbo ya mtu wa gunia inafanya mazoezi kila siku," nyapara akamwambia. "Unataka gani ingine? Funga tyubu."

Akakata tyubu ya lori, akamfunga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akavuta kama anayefunga punda mzigo.

Majina sitaji, lakini watu nitawataja. Wa kwanza ni huyo nyapara. Wa pili ni yule wa kliniki ya barabarani, aliyempa dawa ya minyoo bila hata kumwambia afungue mshipi. Wa tatu ni mwenye stoo. Siku mwenzangu alipoanguka akitapika, pikapu yake ilikuwa imesimama pale mlangoni, na akasema hawezi kuichafua na matapishi ya mlevi. Mlevi! Mtu ambaye hakuwa ameonja pombe tangu aokoke.

Tulimlaza chini. Hakuweza kunyoosha miguu. Alilala chali, magoti juu, mikono imeinuka kama anapokea gunia, na nyapara amesimama juu yake akimwambia aamke, lori linangoja. Tulimfikisha hospitali ya mjini kwa bodaboda, tumembana katikati. Utumbo ulikuwa umeshaoza. Hakutoka huko.

Sisemi mazoezi yangemwokoa. Kisu cha daktari ndicho kingemwokoa, na mapema. Lakini neno la nyapara, kwamba gunia latosha, ndilo lililomfanya asiende.

Mimi nilipovimba sikumwonyesha mtu. Nilienda mjini nikapasuliwa ngiri, nikashonwa. Daktari akasema nirudie mizigo pole pole na tumbo nilikaze, pakipasuka tena paliposhonwa, hapo itakuwa mambo mengine. Na mimi sina kazi ninayoijua ila ya kubeba.

Koch wa jimu ni msichana tu, lakini hakupoteza maneno.

"Mzee, ukibeba, miguu na mgongo ndio zinafanya kazi. Tumbo inajificha hapo nyuma yao. Lazima tuilete peke yake."

"Si nibebe tu kidogo kidogo? Hata hawa vijana wanasema inatosha."

"Hawa wameshonwa?"

Akanilaza sakafuni. Chali, magoti juu, mikono juu, halafu unashusha mguu huu na mkono ule, pole pole. Vijana huita zoezi hilo mende.

"Mzee amepuliziwa dawa!" mmoja akapiga kelele. "Leteni ufagio!"

Siku nyingine ningemjibu. Lakini koch alikuwa amesimama juu yangu, na kutoka pale chini nikaona alichokiona mwenzangu: mtu aliyelala hivyo haoni uso wa aliyesimama, anaona kidevu na matundu ya pua. Niliamka nikatoka nje bila viatu.

Baada ya hapo nikawa mtu wa skwoti. Koch akiuliza, namwambia tumbo nafanyia nyumbani. Wale vijana wakabishana, mimi nikawaunga mkono kwa sauti kubwa, kama mtu anayejua.

Halafu jioni moja nikainua chuma ambacho hata si kizito. Kitu kikavuta pale kwenye kovu, kama uzi wa shati unaotaka kukatika. Nikakiweka chini. Nikakaa na mkono juu ya kovu mpaka koch akanikuta.

"Nyumbani hufanyi," akasema.

"Sifanyi."

Nikalala chini mwenyewe. Nikainua magoti. Akaja akasimama, mikono kiunoni.

"Usisimame hapo," nikamwambia.

"Nisimame wapi sasa?"

"Usisimame kabisa. Chuchumaa hapa kando."

Akachuchumaa, akapitisha kiganja chini ya mgongo wangu. "Bonyeza mkono wangu, Mzee. Usiuachilie. Toa pumzi."

Nikashusha mguu mmoja, nikaurudisha. Kovu likatulia. Upande wangu wa pili, ambako hakukuwa na mtu, kulikuwa na anayehema, kama alivyohema mwenzangu chini ya gunia. Sikugeuza shingo. Nikashusha mguu wa pili.