Ukuta wa Jiko na Nahodha Mia Tano

Siku mpishi alipomwona nahodha mpya kwa mara ya kwanza, alidhani ni kuli. Mtu mfupi alikuwa anapanda ngazi ya meli na godoro kichwani, anahema, huku injinia akimpigia kelele, "Wewe! Mizigo inapita nyuma!"

"Mzigo wenyewe ni mimi," mtu yule akajibu. "Nyuma nitapita nikifa."

Kabla hajatua godoro mabaharia walishambatiza jina la Mia Tano, maana leseni yake ilimruhusu kuongoza meli isiyofika tani mia tano. Alianza kwa kusugua sitaha, akaipata leseni hiyo mvi zimeshaota, wala hakuona haya. "Mpishi, usinishibishe sana," alizoea kusema. "Tani zitazidi."

Mpishi hakuwa mtu wa maneno. Jiko lake lilikuwa nyuma ya meli, paa juu na ukuta hakuna, na bahari ikichafuka alipika amelowa chapachapa. Mia Tano ndiye aliyemwonea huruma. Meli ilipoingia matengenezoni, alimganda mwenye meli mpaka mafundi wakalizungushia jiko kuta za chuma na mlango. Mpishi akawa anaufungua na kuufunga mlango ule bila sababu, apate tu kuusikia.

Kisha akaja mpimaji wa serikali. Tani anazopima yeye si uzito, ni ukubwa wa nafasi zilizofungwa ndani ya meli. Akapima jiko, akapiga hesabu, akakohoa.

"Nahodha, meli imenenepa. Imevuka mia tano."

Uso wa Mia Tano ukasawijika. Leseni kubwa ilitaka shule na mitihani, na ujana ulishampa kisogo. Mwenye meli akajikuna kichwa. "Ndugu yangu, itabidi nitafute mwingine."

"Hakuna njia?" mpishi akauliza. Wote wakageuka, sauti yake walikuwa hawajaizoea.

"Ukuta wa nyuma ukitolewa wote, jiko linahesabiwa kuwa wazi," mpimaji akasema. "Ila mvua nayo..."

"Mvua tunajuana."

"Wewe!" Mia Tano akafoka. "Ukuta huo nimekupigania mimi!"

"Na mimi nakupigania wewe. Mwiteni fundi aje akate."

Ukuta ukaanguka kwa kishindo. Mpimaji akapima upya, akatikisa kichwa akitabasamu. "Haifiki." Injinia akapiga yowe. Mia Tano akajibwaga juu ya kamba, anacheka huku machozi yanamtoka, na mpishi akashusha pumzi kama aliyetua gunia.

Tangu hapo, kila saa ya kupika, Mia Tano aliipindisha meli kidogo ili upepo usiingie jikoni. Injinia alilalamika kwamba mafuta yanateketea kwa ajili ya sufuria ya maharage. Ikawa hivyo miaka yote, mpaka Mia Tano alipostaafu.

Alishuka ngazi ileile, godoro kichwani. Katikati akasimama, akageuka kwa shida.

"Mpishi! Mwambie mwenye meli akurudishie ukuta wako. Huyu anayekuja ana leseni kubwa."