Chungu Kimoja

Harufu ya pombe ya mtama kwenye harusi hii ya mtaa wa Skärholmen imenirudisha utotoni, jikoni kwetu mtaani Rågsved. Nilikuwa nasoma kazi ya shule kwa Kiswidi, na baba, huku akimenya ndizi, akataka nimweleze kwa Kiswahili.

"Kabla ya vita kuu ya pili, nchi nyingi zilitia saini mkataba wa kupiga marufuku vita."

"Vita vyote?"

"Vyote, baba."

Akaweka kisu chini. "Walikunywa pamoja?"

Nikasema kitabu hakisemi. Kwao baba, Burundi, watu wakipatana huletewa chungu kimoja cha pombe, kila mtu na mrija wake, majirani wakishuhudia.

"Ndiyo maana wakapigana tena," akasema. "Karatasi peke yake haimfungi mtu."

Mama alikuwa akikoroga maharage, ametugeuzia mgongo. "Yule jirani aliyetuchomea nyumba," akasema, "mlikunywa naye chungu kimoja."

Baba akachukua kisu, akaendelea na ndizi zake. Nami nikaendelea kusoma, kimoyomoyo.

Hapa harusini chungu kimeshawekwa katikati. Mama ndiye wa kwanza kuinama na mrija wake, kisha anasogea kunipa nafasi.