Bi Hapana na Waya wa Mnara

Pale uwanja wa ndege walimwita Bi Hapana, na mwenyewe alikuwa akiitika. Jina lilimganda tangu mwaka wake wa pili kazini, alipoletewa karatasi ya kuthibitisha kwamba taa za njia ya kurukia ndege zimekaguliwa. "Hapana, sijazikagua," alisema, akaenda kuzikagua moja moja kwa miguu, huku wakubwa wakimsubiri ofisini na kalamu. Sasa alikuwa na miaka hamsini na nne, fundi wa redio, mwanamke pekee karakana nzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na sauti iliyofika mahali kabla yake.

Kwa miezi mitano ugomvi wake ulikuwa juu ya waya mmoja. Ni ule mnene uliopanda kutoka kwenye mtambo wa redio hadi kwenye antena juu ya paa, ukibeba sauti ya mnara kwenda kwa marubani. Ganda lake lilikuwa limepasuka kwa jua. Kukiwa kukavu, mambo shwari. Mvua ikinyesha, maji yalipenya na sauti ikageuka mkwaruzo. Kibaya zaidi, redio ya akiba nayo ilitegemea waya ule ule. Bi Hapana aliandika taarifa. Mkuu wa idara akaigonga muhuri, akaandika juu yake: "Imeonekana." Akaandika ya pili, na ya tatu. Zote zilionekana.

"Mama, unapenda mno kukuza mambo," mkuu alimwambia bila kuinua macho kwenye simu yake. "Huo waya umedumu miaka kumi na tisa."

"Ndiyo maana umechoka, bosi. Hata mimi nimechoka, ila mimi nina mdomo wa kusema."

Mkuu hakucheka. Wiki ile ile akaagiza vifaa vyote chakavu virudishwe stoo, ikiwemo redio moja ya mkononi ya kuzungumza na marubani, nzito kama tofali, ambayo Bi Hapana alikuwa ameifufua kwa betri mpya. Alirudisha vyote isipokuwa hiyo.

"Mwambie nimekataa," alimwambia karani wa stoo aliyekuja kuidai. "Usije ukamwambia nimesahau."

Jumanne moja asubuhi mvua ikashuka kwa hasira, na mawingu yakalala karibu na mapaa. Ndege ndogo ya mizigo ilitua salama, lakini ilipokuwa inataka kutoka njiani, tairi likapasuka, ikakwama pale pale. Nyuma yake, ndani ya mawingu, ilikuwa inashuka ndege yenye abiria tisini na sita, na rubani wake alikuwa ameshapewa ruhusa ya kutua kabla maji hayajapenya kwenye waya.

Bi Hapana alikuwa karakana, chini ya mnara, akisikiliza spika ya ukutani. Alimsikia dada wa mnara, binti aliyeongoza ndege zamu ile, akisema, "Usitue! Njia imezibwa, panda juu!" Kisha akamsikia rubani, mtulivu kabisa: "Mnara, sijapata neno, ni mkwaruzo tu. Tunaendelea kutua."

Hakungoja. Alichomoa ile redio kwenye chaji, akapanda ngazi sabini na mbili kwa magoti yaliyokuwa yakimlalamikia kila siku. Juu, mkuu alikuwa amefika, anapiga meza. "Rudia! Rudia!" Dada wa mnara alirudia hadi sauti ikamkauka. Taa ya ishara walishaiwasha, lakini katika mawingu yale ilikuwa sawa na kumulika tochi ndani ya uji.

Bi Hapana akafungua mlango wa kioo wa kutokea kibarazani. Upepo ukaingia, karatasi zikaruka.

"Funga huo mlango! Na hiyo redio, si niliagiza irudishwe?"

"Uliagiza. Dada, njoo nje, humu ndani vyuma vinaizuia."

"Hicho kifaa hakimo kwenye orodha! Hakiruhusiwi!"

"Basi niandikie barua," alisema Bi Hapana, akamshika binti mkono, akamvuta mvuani.

Binti akaibana redio mdomoni. "Usitue! Panda! Panda! Njia imezibwa!"

 Bi Hapana akaielekeza antena ya redio mawinguni. Kisha ile redio kuukuu ikakohoa: "Nimekusikia, mnara. Napanda."

Ngurumo ya injini ikapita juu ya vichwa vyao, vioo vikatetemeka, wala hawakuona hata bawa. Binti akakaa chini kwenye maji, akalia. Nusu saa baadaye ndege ilitua salama katika uwanja mwingine.

Jioni mkuu alimwita Bi Hapana, akamsogezea kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mezani palikuwa na maelezo yaliyokwisha kuchapwa: mtambo ulikuwa mzima, ukaharibiwa na radi.

"Radi ipi, bosi? Leo haikupiga hata moja."

"Weka sahihi tu, mama. Radi haina kesi na mtu."

"Hapana."

"Umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Fikiria nyumba yako."

"Nimefikiria nyumba tisini na sita. Hapana."

Kesho yake akasimamishwa kazi kwa kosa la kuficha mali ya stoo, siku ile ile wachunguzi wa usalama wa anga walipofika. Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alimsikiliza huku akipiga pasi suruali ya mteja. Hakusema pole. Aliuliza, "Nakala za zile taarifa unazo?"

"Zote tatu. Na muhuri wake."

"Basi nipe gauni lako la kijani nilibane kiunoni. Huwezi kwenda kwa wachunguzi umevaa kama unaomba msamaha."

Alikwenda. Aliziweka taarifa mezani moja moja, akazisoma kwa sauti yake ile ile, na mwenyekiti wa wachunguzi alipomwomba apunguze, akasema miezi mitano alipunguza na hakuna aliyesikia. Dada wa mnara naye alisimama, akaeleza yote bila kuruka neno.

Wiki ya saba akarudishwa kazini. Mkuu hakufukuzwa, alihamishiwa ofisi nyingine, yenye kiti kikubwa zaidi, na Bi Hapana alisema waziwazi kwamba hilo limemuuma. Yeye alipewa barua ya onyo kuhusu redio. Alipotakiwa kusaini kwamba ameipokea, aliirudisha ilivyo.

Mwezi uliofuata waya mpya ukavutwa. Mkuu mpya, kijana mwenye haraka, akamletea karatasi ya kuthibitisha kazi imekamilika.

"Sahihi hapa tu, mama, tumalize."

Bi Hapana akaangalia mbingu. Palikuwa pakavu, jua linawaka.

"Leteni ngazi," alisema, "na ndoo tatu za maji."