Fundi wa Picha wa Makina

Vidole vya fundi wa picha wa mtaa wetu wa Makina vimekuwa rangi ya chai kwa sababu ya dawa ya kuoshea picha, na filamu huishika pembeni tu, kwa upole kama anashika kifaranga. Kila anayeenda ng'ambo, fundi humwambia polepole, "Ukimaliza filamu, mpe mtu anayerudi nyumbani. Usibebe zote pamoja." Boaz, jirani yetu aliyeambiwa hivyo hivyo, alizibeba zote kwa soksi moja, picha za maziko ya ndugu yake huko Ujerumani, na askari wa uwanja wa ndege akazifungua mwangani, sijui akitafuta nini. Fundi aliziosha hivyo hivyo. Zikatoka nyeusi tupu. "Sasa mama yako ataona kaburi wapi, kichwa ngumu wewe?" fundi akamkaripia Boaz kule ndani. Sauti hiyo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Halafu akazianika zote kwenye kamba, taratibu, kana kwamba zina picha, maana mama yake Boaz alikuwa kwenye benchi nje, anatazama.